Homa ya Usiku, Miguu ya Mchana

Mkwe wangu nilimjua kwa viatu kabla sijamjua kwa uso. Vilikuwa viatu vyeusi vya ofisini, kisigino cha kulia kimelika upande wa nje. Nikivikuta bado viko mlangoni asubuhi, nilirudi nyuma ya ukuta nikangoja. Vikishaondoka na mwenyewe ndani yake, ndipo nilipoingia kwa binti yangu.

Hiyo ilikuwa Nyakoe, nyumba ya kupanga nyuma ya soko, mwaka aliozaliwa mjukuu wangu. Kitinda mimba wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo ilibidi mimi niteremke kutoka Nyamira nimwangalie. Lakini kwetu mama wa mke halali chini ya paa la mkwe. Hali chakula mbele yake, hasimami naye mlango mmoja, wala hataji kitu cha mwili akiwa karibu. Tunaita ensoni. Ni aibu, lakini aibu ya heshima, na mtu asiye nayo tunasema hakulelewa. Mkwe wangu si Mgusii, ni mtu wa upande wa ziwa, na kwao sheria ni hiyo hiyo, pengine kali kuliko yetu. Hakuna aliyetuketisha kutupangia. Kila mmoja alikuja na mafundisho ya mama yake na yakaingiana kama kikapu na kifuniko.

Majina ya watu wote wa kisa hiki ninayo kichwani, hata la nesi wa zamu hospitalini, hata la mwanamke aliyekuwa kitanda cha pili na kijiji alichotoka. Mimi darasa niliishia la nne, lakini jina nikilisikia mara moja halitoki. Hapa sitayaandika. Watu hao wako hai, na hawakuniita kwenye mambo yao. Na naandika Kiswahili kwa kuwa mjukuu hajui Kigusii. Nyumbani kwao ndiyo lugha waliyokutania baba na mama.

Basi mimi na mkwe tulizungumza kwa vyombo. Yeye aliacha unga na maziwa mezani kabla ya kwenda kazini Kisii mjini. Mimi niliacha chinsaga, zile mboga chungu wanazopewa wazazi waongeze damu, zimechemshwa zikalala kwenye maziwa, sahani juu. Asubuhi niliporudi nilikuta sufuria imeoshwa na kupinduliwa. Siku moja aliacha kipande cha samaki wa kukaanga kimefungwa kwenye gazeti, nikajua ni changu, maana binti yangu siku hizo samaki alimchefua. Nilimla nimesimama kando ya jiko, macho mlangoni. Nilimpenda mkwe wangu tangu samaki yule.

Kulala nililala nyumba ya tatu kutoka hapo, kwa mwanamke wa Kenyenya muuza chapati, tuliyejuana kanisani. Mjane kama mimi, ila yeye ujane haukumfunga mdomo. Saa kumi na moja jioni, kabla viatu havijarudi, nilimlaza mtoto, nikafunika chakula, nikatoka. Hatua hamsini tu. Lakini nikifika kwa yule mama na kukaa kwenye kile kiti chake cha plastiki, nilijiona niko mbali na binti yangu kuliko nilipokuwa Nyamira.

Binti yangu alizalia hospitali ya watu binafsi. Uchungu ulipomzidi walimpa sindano ya mgongo. Si ile ya kuchoma na kutoa. Hii wanaacha mrija mwembamba kama uzi wa kushonea gunia umeingia mgongoni, dawa inapita kidogo kidogo, na mtu anazaa akiongea. Alinisimulia akicheka.

"Mama, nilikuwa naona tumbo linapanda linashuka, na mimi sisikii kitu. Nikamwuliza nesi, kwani anayezaa ni nani?"

Ningecheka naye. Nilikuwa na nafasi ya kucheka. Badala yake nilisema, "Mimi nimezaa saba bila sindano. Wa nne nilimzaa asubuhi, jioni nikapeleka majani chai kituo cha kununulia."

Hata si kweli. Majani niliyapeleka siku ya tatu, tena nusu kikapu, na shemeji yangu ndiye aliyenibebea. Lakini nilishazoea kuisimulia hivyo. Binti yangu akanyamaza, akamgeuza mtoto upande wa titi la pili. Kule kunyamaza kwake nilikuona, nikakupita kama mtu anavyompita jirani aliyekosana naye.

Alizaa Ijumaa. Jumatatu mgongo ukaanza.

"Hapa katikati, Mama. Kama mtu ametia kidole na hajakitoa."

"Ni mgongo wa uzazi. Mifupa inarudi mahali pake."

Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikachukua taulo na kumkanda kama nilivyokandwa mimi. Pale sindano ilipoingilia palikuwa na alama ndogo, kama ya mtu aliyeumwa na siafu, na wekundu kidogo kuizunguka. Nilipoweka kiganja nilisikia mgongo una moto. Nikadhani ni moto wa maji yangu.

Hilo ndilo ninalolikumbuka nikiwa nachuma chai, nikiwa kanisani, popote. Nilikuwa na kiganja juu ya ugonjwa wenyewe, na nilijisifu kwamba maji yamekolea.

Jumanne nikamkanda tena. Jumatano alilia. "Mama, basi. Acha, acha."

"Vumilia. Mgongo usiokandwa unakuja kukutafuta uzeeni."

Akavumilia. Ndivyo nilivyomlea.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nakunywa chai kwa yule mama wa Kenyenya, yeye anasukuma chapati za kupeleka sokoni. Akaniangalia kwa upande.

"Omong'ina, mama mzee wee, hebu niambie. Huyo mkwe wako wa ziwani, ni yeye aliyejifungua ama ni binti yako?"

"Kwa nini?"

"Leo ni alfajiri ya tatu namwona anaanika mashuka. Mashuka mawili! Mwanaume mzima, suruali ya ofisi, vibanio vya nguo mdomoni."

"Ni mkojo wa mtoto."

"Mtoto wa wiki moja alowanishe mashuka mawili? Huyo ni mtoto ama ni mto Gucha?"

Tulicheka mpaka chapati moja ikaungua. Nikaenda kwa binti yangu bado nacheka, nikamwambia mume wake anachekwa na mtaa mzima. Alitabasamu. Alikuwa amekunywa vidonge vya maumivu asubuhi, na mwili ulikuwa wa kawaida, mkavu. Sikuuliza zaidi kuhusu mashuka. Mashuka yalikuwa mambo ya chumba chao.

Ijumaa alitaka kwenda chooni, akashika ukuta. Nilikuwa jikoni.

"Mama. Mguu wa kushoto umelala."

"Umeukalia."

"Sijaukalia. Na huu mwingine nao unaanza."

Nikamshika kwapani, nikamkalisha kitandani. Miguu ilining'inia kama ya mtoto anayebebwa akiwa usingizini. Nikamwona anatafuta maneno, na yeye si mtu wa kutafuta maneno.

"Hapa chini sijisikii. Nikijigusa ni kama nagusa mtu mwingine."

"Na mkojo?"

"Tangu jana jioni sijakojoa. Nakaa, nangoja, hakuji kitu."

"Umemwambia baba wa mtoto?"

"Nimwambieje? Na wewe usimwambie. Mama, nakuomba."

"Mimi nimwambie kwa mdomo gani?"

Hayo yalikuwa maneno yangu, nayo yalikuwa kweli. Nilijiambia dawa ya ile sindano haijaisha mwilini, kwamba ndiyo hasara ya kuzaa bila kusikia, mwili unasahau kazi yake. Nikamchemshia uji, nikamwekea kitambaa cha moto chini ya kitovu. Mchana kutwa nilimsaidia kukaa kwenye beseni, akatoa matone. Nikayahesabu hayo matone kuwa ni nafuu.

Simu nilikuwa nayo mfukoni. Namba ya mkwe ilikuwa ndani, aliiweka mwenyewe siku ya kulipa mahari. Saa kumi nilitoka nje nikaitoa. Nikaitazama. Ningeanza na neno gani? Mkojo? Mapaja? Mama mzima ampigie mume wa bintiye kazini, mbele ya wenzake, amtajie hayo? Nikaona ni afadhali binti yangu amwambie mwenyewe jioni. Nikairudisha simu. Saa kumi na moja nilifunika chakula na kutoka, kama siku zote, na njiani nilisikia viatu vinakuja upande wa sokoni nikaharakisha.

Kwa yule mama sikusema kitu. Alinichekesha, sikucheka. Akasema, "Umekasirikia chapati zangu?" Nikasema kichwa kinauma.

Jumamosi niliamka kabla ya kuku. Sikungoja viatu viondoke. Nilipita nyuma, mahali pa kuanikia nguo, na nikamkuta. Shuka la kwanza lilikuwa tayari juu ya kamba, jeupe, zito kwa maji, limefika karibu na ardhi. Yeye alikuwa upande wa pili. Niliona vidole vyake juu ya kamba na viatu vyake chini. Viatu vikasimama. Akataka kuondoka, nikajua kwa namna kisigino kilivyogeuka.

"Baba, usiende," nikasema.

Akasimama.

Nikabaki upande wangu wa shuka. Kama lile shuka lisingekuwapo, sijui kama ningesema hata siku ile. Nilishika ukingo wake kwa mikono miwili.

"Mke wako hajakojoa. Tangu juzi jioni. Na miguu haimsikii, wala chini hajisikii."

Nikasikia kibanio cha nguo kimeanguka.

"Na usiku anawaka moto, Mama," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoitegemea kwa viatu vile. "Tangu Jumatatu. Anatetemeka mpaka kitanda kinatetemeka, halafu anatoa jasho, ndiyo nabadilisha mashuka. Ananiambia ni maziwa yanaingia, ni mambo ya akina mama. Nilidhani unajua."

"Na mimi nilidhani miguu amekuambia."

Usiku mtu mmoja alikuwa anaona homa. Mchana mtu mwingine alikuwa anaona mgongo na miguu. Tulikuwa tunapishana hapo mlangoni kila siku asubuhi na jioni, kila mmoja amebeba chake, tumeinamisha macho kwa adabu. Binti yangu ndiye aliyekuwa na yote, lakini mgonjwa mwenye homa si mtu wa kuunganisha mambo, ni mtu wa kuulizwa. Na mimi nilikuwa nimekwisha mfunga mdomo kwa wale watoto wangu saba.

Alikuja upande wangu. Alilisukuma kando lile shuka kwa mkono, akasimama mbele yangu, na hapo ndipo nilipomwona uso vizuri kwa mara ya kwanza tangu harusi. Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. "Twende," akasema. Akambeba mkewe, mimi nikambeba mtoto.

Hospitalini tulikaa benchi moja, mimi na yeye, hatua moja kati yetu. Daktari alikuwa msichana, angeweza kuwa mjukuu wangu wa kwanza. Akamgonga binti yangu magoti kwa kinyundo, akamchoma nyayo kwa kijiti. Binti yangu alikuwa anatazama dari, hakujua anachomwa. Kisha daktari akaanza kutuuliza.

"Mgongo ulianza lini?"

"Jumatatu," nikasema.

"Homa?"

"Jumatatu usiku," mkwe akasema.

"Mkojo?"

"Alhamisi jioni."

"Na miguu ilianza kulegea lini?"

Nilitaka mtu mwingine ajibu. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Jana asubuhi."

Daktari aliweka kalamu chini, halafu akaichukua tena. Mkwe wangu akageuza kichwa akanitazama. Ningependa angesema neno.

Yule daktari alitueleza polepole, na kila neno ninalo. Alisema sindano hizi zinawasaidia akina mama kila siku bila shida yoyote. Ila kwa nadra, nadra sana, mdudu hupata njia pale mrija ulipoingilia. Anafanya jipu ndani, jipu lisiloonekana kwa nje, na usaha unaubana uti wa mgongo. Kwanza mgongo unauma, kisha homa, kisha miguu na mkojo vinakatika. Alisema lazima apigwe picha kubwa ya mgongo na apasuliwe leo leo, na si hapo.

"Mimi nilikuwa namkanda," nikasema. "Maji ya moto. Siku tatu."

"Kukanda sio kulikoleta, Mama. Shida yetu sasa ni saa."

"Saa gani?"

"Saa zilizopita."

"Kama tungekuja jana?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ya mtoto mdogo kama yule ni nzito. "Siwezi kukuambia ingekuwa tofauti kiasi gani. Mapema ni bora. Hilo tu ndilo ninaloweza kusema."

Walimchukua kwa ambulensi kwenda hospitali kubwa ya kaunti nyingine, mume wake kando yake. Baadaye aliniambia ile mashine ya picha ni kama mzinga wa nyuki, mtu anasukumwa ndani na kelele zinaanza. Walimfungua mgongo jioni ile ile, wakatoa usaha. Kisha dripu za dawa, wiki baada ya wiki.

Mimi nilibaki Nyakoe na mtoto wa siku tisa.

Sasa nililala kwa mkwe. Hapakuwa na namna nyingine. Kitanda chao sikukigusa, nilitandika godoro sebuleni. Yule mama wa Kenyenya alikuja na chapati mbili na maneno yake. "Haya, omong'ina, umelala chini ya paa la mkwe. Dunia imepasuka?" Kisha aliponiona uso akaketi sakafuni, akamchukua mtoto, na hakufanya mzaha tena siku hiyo. Lakini alikuwa na biashara yake. Alfajiri alikuwa sokoni. Kutwa nilikuwa na mtoto anayelia kwa lugha ya watoto, na chupa ya maziwa ya kopo, na ile kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Nilifua nepi nikazianika hapo. Wakati mwingine nilishika ile kamba nikasimama tu. Washirika wa kanisa walikuja Jumapili moja, wakaomba, wakala, wakaondoka, nyumba ikawa kimya kuliko kabla hawajaja.

Saa kumi na mbili jioni simu ilikuwa inalia. Mkwe. Kuanzia siku ile ya shuka hakunificha kitu cha mwili hata kimoja, wala mimi sikumficha.

"Mama, leo kidole gumba cha kulia kimetikisika."

"Umekiona wewe au ni yeye amesema?"

"Nimekiona kwa macho yangu. Nikamwambia arudie, akarudia."

"Na kushoto?"

"Kushoto bado. Mpira wa mkojo bado uko. Lakini choo amepata."

"Asante, Yesu."

Ndivyo tulivyosema, mimi bibi wa Nyamira na mkwe wangu, choo na mkojo, kama watu wanaoulizana bei ya ndizi. Nikikata simu nilikaa gizani kidogo kabla ya kuwasha taa. Nilikuwa nawaza tungekuwa wapi kama tungeanza kusema hivi wiki moja mapema.

Alirudi kwenye kiti cha magurudumu. Halafu ikawa fremu ya chuma ya kutembelea, halafu fimbo mbili, halafu moja. Mguu wa kulia ulirudi karibu wote. Wa kushoto anauvuta, na ncha ya kiatu cha kushoto inalika mbele. Mkojo amejifunza kuutoa kwa saa zake. Mtoto alitembea kabla ya mama yake. Walitembea sebule moja, huyu akishika meza upande huu, yule upande ule.

Siku moja tulikuwa tunakunja nguo, binti yangu na mimi, nikamwuliza nililokuwa nimelificha miezi.

"Mbona ile homa hukuniambia?"

Hakuacha kukunja. "Ungeniambia ulizaa saba bila sindano."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa ukutani. Kisha akanipa ncha mbili za shuka nishike, tukalinyoosha pamoja, tukalikunja.

Nikamwambia ukweli kuhusu majani chai na nusu kikapu na shemeji. Akaliweka shuka juu ya rundo. "Yote hayo, Mama," akasema, "na hata kikapu hukubeba wewe."

Kama angekuwa amecheka ningeona nimesamehewa. Alitabasamu kidogo tu, na mpaka leo bado nalipima lile tabasamu.

Walihamia kwa mume wake, upande wa ziwa, kwa sababu huko ardhi ni tambarare na mtu anaweza kutoka nyumbani mpaka barabarani na fimbo moja. Ni uamuzi mzuri. Mimi mwenyewe niliusifu. Nikapanda nikarudi kwangu, kwenye mgongo wa kilima, nyumba ambayo ndani yake tuliishi tisa na sasa tunaishi mimi na kuku. Wengine wako Nairobi na Nakuru, wanatuma salamu. Huyu ndiye aliyekuwa akija. Kabla ya mtoto alikuwa akipanda kile kichochoro kutoka barabarani bila kuhema, na viatu mkononi kama kumenyesha, akipiga kelele kutoka chini, "Mama, weka chai!" Ndicho ninachongoja. Mambo mengine ya uzee nimeyakubali. Hili nimekataa kulikubali, kwamba hatapanda tena.

Desemba iliyopita walikuja. Gari liliwaacha barabarani. Nilisimama mlangoni nikamwona anaanza, fimbo, mguu wa kulia, anavuta wa kushoto. Mjukuu alikuwa amekwisha fika juu, amenikumbatia kiuno, "Magokoro, Magokoro," ndivyo anavyoniita bibi yake, huku mimi namtazama mama yake juu ya kichwa chake. Alifika kwenye mti wa avokado. Ni katikati kabisa. Hapo kichochoro kinasimama kama ngazi ya dari na udongo wake ni mwekundu wa kuteleza. Alijaribu mara tatu. Mumewe akainama mbele yake, akageuza mgongo apandwe.

"Sitaingia kwa mama yangu nikiwa mgongoni," nikamsikia anasema. "Nilitoka hapa na miguu."

Basi nikateremsha chakula. Kuku, obokima, yaani ugali wetu, chinsaga, kila kitu, mjukuu akibeba sahani. Tulikula chini ya ule mwavokado tumekaa juu ya magunia, mimi na mkwe tukila kutoka sahani moja, na hakuna aliyeona ajabu. Kukaanza manyunyu. Wakashuka. Nikapanda na sufuria tupu.

Juma lililofuata nilimpigia mkwe.

"Baba, niambie kitu. Huo mguu wa kushoto anauinua kiasi gani?"

Hakuuliza ni kwa nini. "Ngoja, Mama." Nikasikia anaondoka, anasema na mtu, anarudi. "Tofali moja likilazwa, anapanda. Mawili hapandi."

Nikatafuta tofali nyuma ya nyumba. Nikachukua jembe.

Nakata ngazi kuanzia barabarani. Kila moja ina kimo cha tofali moja lililolazwa, na upana wa mtu kusimama na miguu miwili na fimbo apumzike. Naweka tofali, napima, nakata, napigilia udongo kwa mgongo wa jembe, naweka mawe pembeni. Mvua za Aprili zilibeba sita za kwanza nikazianza upya. Watu wanaopeleka chai kituoni wanapita, wananiuliza kwa nini ngazi ni fupi hivyo, za watoto? Nawaambia ndiyo.

Leo jioni mkwe amepiga kama kawaida.

"Mama, umefika wapi?"

"Kwenye mwavokado."

"Na magoti?"

"La kushoto limevimba."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

Akasema polepole, "Leo ni siku gani, Mama?"

"Jumatano."

"Mama!"

Nikamwambia yote. Kwamba lina moto, kwamba usiku nilisikia baridi, kwamba nimepaka mafuta na nikanyamaza. Akasema kesho asubuhi atakuja mwenyewe anipeleke hospitali Nyamira, na jembe nisilishike. Nyuma yake nilisikia sauti ya binti yangu inauliza, "Amesema ngazi zimebaki ngapi?"

Zimebaki kumi na tisa, nikihesabu kwa tofali. Nimemwambia. Tofali lenyewe nimeliacha juu ya ngazi ya mwisho niliyokata, mvua isije ikanipotezea mahali.